Mgeni wa viungo aondoke na jina la shamba

Karibu kila asubuhi magari ya watalii hutoka Mji Mkongwe, yakapita Bububu na kukata kulia kuelekea Kidichi na Kizimbani. Adhuhuri yanarudi. Mgeni amenusa jani la mdalasini, ametafuna iliki mbichi, amevishwa kofia ya makuti na amenunua pakiti mbili tatu za unga wa viungo. Jioni akiwa Forodhani muulize alikuwa wapi, atasema alikwenda kwenye shamba la viungo. Shamba la nani? Hajui. Mdalasini alionusa ulikuwa na tofauti gani na ule unaouzwa dukani kwao Ulaya? Hajui pia. Akifika kwao na pakiti ikaisha, hana jina la kulitafuta.

Hapo ndipo mkulima wetu anapopoteza fedha nyingi kuliko anavyodhani. Ili kulieleza hilo tunachukua mfano wa biashara ambayo wasomaji wetu wengi wa Unguja hawaigusi kwa sababu ya dini yao, nayo ni wiski ya Uskoti. Safu hii haimshawishi mtu kunywa, wala haizungumzii gongo, ambayo kuipika ni kosa kisheria. Lakini wiski ni zao la shamba. Inatokana na shayiri, maji na hamira, na wanaoiuza wamejua kumleta mgeni hadi mlangoni mwao, kumtoza kiingilio, kumuuzia chupa na kumfanya arudi mwaka wa pili. Asiyeionja anaweza kabisa kujifunza namna inavyouzwa.

Kwanza tueleze inavyopatikana. Shayiri hulowekwa hadi iote kidogo, kisha hukaushwa ikawa kimea. Kimea husagwa, huchanganywa na maji ya moto, hutiwa hamira na kuachwa kiumuke. Baadaye huchemshwa katika mitungi mikubwa ya shaba, na mvuke wake hudakwa na kupozwa ukarudi kuwa maji makali. Kazi hiyo ndiyo Waswahili wanaiita kukeneka. Maji hayo hayawi wiski hadi yalale ndani ya mapipa ya mbao ya mwaloni, humo humo Uskoti, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Nyingi hulala miaka kumi au kumi na miwili. Kila mwaka kiasi cha asilimia mbili hivi hupotea hewani kupitia kwenye mbao, na wenyewe husema hilo ni fungu la malaika. Hata hasara wameipa jina, na mgeni huhadithiwa akacheka.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba wapenzi wa wiski hawakubaliani hata kidogo juu ya ipi iliyo bora. Kuna wanaoapa kwa Laphroaig, ya kisiwa cha Islay (wenyewe hutamka Aila), ambayo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa mboji iliyochimbwa ardhini, na wasioipenda husema inanuka kama dawa ya hospitali. Wengine hawataki moshi kabisa, wao ni Glenlivet au Glenfiddich za bonde la mto Spey, laini na zenye harufu ya matunda. Wengine tena hupenda Macallan, inayolala katika mapipa yaliyowahi kuwekewa mvinyo wa Hispania. Watu hubishana juu ya mambo haya usiku kucha, huandika vitabu, na hupanda ndege kwenda kupaona mahali kilipotoka kile wanachokipenda.

Mabishano hayo ndiyo biashara yenyewe. Mtu akishakuwa na kipenzi chake, hamnunulii mwingine hata akiuziwa kwa bei ya chini. Glenfiddich walifungua milango kwa wageni mwaka 1969, wakati viwanda vingi vikiona mgeni ni usumbufu tu. Kufikia mwaka 2019, kabla ya maradhi ya korona, viwanda vya wiski vya Uskoti vilikuwa vinapokea matembezi zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Mgeni hulipa kiingilio, hupitishwa kuanzia kwenye shayiri hadi kwenye mapipa, huonjeshwa aina tatu au nne zikiwa zimewekwa mbele yake kwa safu, na njia ya kutokea hupitia dukani. Aliyekuja akiendesha gari hapewi kinywaji, hufungiwa kichupa chake akaonje nyumbani. Hata dereva hatoki mikono mitupu.

Tuwatazame zaidi hao wa Islay, kwa sababu ni watu wa kisiwa kama sisi. Kisiwa chao ni kidogo kuliko Pemba na kina watu wapatao elfu tatu tu, pungufu ya baadhi ya shehia zetu za mjini. Hali ya hewa yao ni upepo na mvua, na hawana bahari ya kuogelea kama yetu. Lakini wana viwanda vya wiski vipatavyo kumi, na mwishoni mwa Mei hufanya tamasha ambalo hujaza kisiwa hadi vitanda vikakosekana.

Laphroaig walibuni jambo moja mwaka 1994 ambalo mfanyabiashara yeyote mdogo angelitafakari. Mnunuzi wa chupa anaweza kujiandikisha kuwa rafiki wa kiwanda, akapewa kipande cha ardhi kisiwani chenye ukubwa wa futi moja kwa futi moja. Hakimiliki, amekodishiwa maisha yake yote. Kodi ya mwaka ambayo kiwanda kinadaiwa ni tone la wiski, na sharti lake ni mtu afike mwenyewe kuidai. Ardhi ya ukubwa wa kigae cha sakafuni imewavuta watu kutoka pembe zote za dunia kuja kusimama juu yake kwa dakika tano. Mkulima wa Kizimbani mwenye michaichai mia mbili ana ardhi ya kutosha kwa mzaha wa namna hiyo, tena wa halali kabisa.

Jirani yao Kilchoman walianza mwaka 2005 kwenye shamba la shayiri. Wiski yao ya kwanza ya kimea haikutoka hadi mwaka 2009. Miaka yote hiyo ya kusubiri walikuwa tayari wanapokea wageni na kuwauzia chakula kwenye mkahawa wao. Leo wana toleo ambalo shayiri yake imelimwa, imeoteshwa, imekenekwa na kutiwa chupani hapo hapo kisiwani, nao hawaoni haya kuliuza ghali zaidi. Wengine kisiwani humo, Bruichladdich, hutaja mashamba yaliyolima shayiri yao. Mkulima ambaye zamani alipakia magunia kwenye lori na kusahaulika, sasa mnywaji wa Japani anajua shamba lake liko upande gani wa ghuba.

Mambo haya hayakuwa hivi tangu mwanzo. Miaka mia mbili iliyopita sehemu kubwa ya wiski ya milimani Uskoti ilikuwa ya magendo, kwa sababu kodi ilikuwa nzito. Mwaka 1823 serikali ilipunguza ushuru na kuweka leseni ya bei nafuu. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akachukua leseni, na majirani zake wapiga magendo wakamchukia hata akawa anatembea na bastola. Wapemba wataielewa hadithi hii bila kufafanuliwa. Bei ya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ilipokuwa ndogo, karafuu zilikuwa zinavuka usiku kwenda Mombasa. Bei ilipopandishwa sana mwaka 2011, magendo yakapungua. Askari wa doria hawakuwahi kufanya kazi nzuri kama iliyofanywa na bei.

Baada ya uhalali likaja suala la jina. Jina la Glenlivet lilipopata sifa, kila mwenye mtungi wa shaba alilidandia, hadi mwaka 1884 ikaamuliwa kwamba ni kiwanda cha Smith peke yake chenye haki ya kujiita hivyo bila nyongeza. Siku hizi sheria inalilinda jina la wiski ya Uskoti duniani, na chama cha wazalishaji hakilali. Kuna kiwanda cha Ujerumani kilichoita wiski yake Glen Buchenbach. Neno "glen" ni la Kiskoti, maana yake bonde. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa uamuzi wake juu ya kesi hiyo mwaka 2018, na mwaka 2019 mahakama ya Hamburg ikakikataza kiwanda kile kulitumia neno hilo. Watu wanakwenda mahakamani kwa sababu ya bonde!

Sisi jina la Zanzibar tumelifanya nini? Tembea kwenye meza za pakiti za watalii utakuta zafarani imeandikwa zao la Zanzibar, ilhali zafarani haistawi visiwani humu. Utakuta unga ambao hauna tarehe, hauna kijiji, hauna mwaka wa mavuno. Mgeni akidanganywa kwenye zafarani ataiamini vipi karafuu, ambayo ni yetu kweli? ZSTC imejitahidi kwa upande wa karafuu kwa nembo yake ya Zanzibar Exotic Originals. Sheria ya mali za viwanda ya Zanzibar, Namba 4 ya 2008, nayo inaruhusu kulindwa kwa jina la zao kutokana na mahali linapotoka. Mlango upo. Wakulima wa Kidichi, Kizimbani na Dole hawajaupita kwa pamoja na kusema mdalasini wetu ni huu, na asiye wa hapa asitumie jina hili.

Kama mfano wa wiski unamkwaza mtu, basi auache na atazame Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu. Juu ya Nizwa, katika milima ya Jabal Akhdar, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei wenyeji huchuma mawaridi alfajiri kabla jua halijawa kali. Hupikwa ndani ya majiko ya udongo, mvuke ukapozwa kwa chombo cha maji baridi kilichowekwa juu, na marashi yakadondoka ndani ya bakuli. Ndiyo yanayotiwa kwenye halwa na kahawa. Watalii hupanda mlima kwa mamia kwenda kutazama. Na huko nako watu wana vipenzi vyao: wazee hutaka marashi ya kizamani yenye rangi na harufu ya moshi wa kuni, vijana hupenda yale meupe yanayotoka kwenye mitambo ya chuma. Kila mmoja huona mwenzake hajui marashi.

Hatuhitaji hata kwenda mbali hivyo. Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake, kipo kiwanda cha ZSTC kinachotoa mafuta ya makonyo kwa mvuke. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, ambavyo mahali pengine vingetupwa. Kilo mia za makonyo hutoa mafuta kama kilo tano hadi sita, na mafuta hayo hutakiwa na watengenezaji wa dawa za meno, sabuni na manukato. Kiwanda hicho kimekuwa kikipokea wageni pia. Mtu akisimama karibu na tangi linapofunguliwa, harufu humpata hata akiwa na mafua. Lakini mtalii mmoja kwa wengi ndiye anayevuka kwenda Pemba. Wengi wanaishia Unguja, na hapa Unguja njia ya viungo haimwonyeshi hata mtungi mmoja unaochemka.

Bububu ilistahili kuwa na kitu hicho. Wauza wiski hujisifia sana maji ya chemchemi zao. Chemchemi za Bububu ndizo zilizopelekwa kwa mabomba hadi mjini zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kizimbani ni miongoni mwa mashamba ya mwanzo kabisa ya karafuu hapa kisiwani, na leo kipo kituo cha utafiti wa kilimo chenye wataalamu wa mimea hiyo hiyo. Kidichi kuna hamamu za Kiajemi alizozijenga Sayyid Said kwa ajili ya mkewe. Mgeni tayari yupo, tena kwa wingi: mwaka 2019 waliingia Zanzibar zaidi ya 538,000, na mwaka 2024 walipita 700,000. Historia ipo, maji yapo, malighafi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuviweka pamoja.

Tukiulizwa tuanze na nini, tungesema tusianze na karafuu. Kwa miongo mingi karafuu imenunuliwa na ZSTC peke yake, na anayetaka kuigusa yeye au makonyo yake aende kwanza ofisi ya shirika akaulize. Aanze na mchaichai, ambao hauna mwenyewe, huota popote na hukatwa mara kadhaa kwa mwaka. Afuate majani ya mdalasini, ambayo hubaki magamba yakishabanduliwa. Kipenzi cha mwandishi wa safu hii ni mlangilangi, na hilo tunalisema bila kuona haya. Maua yake huchumwa asubuhi mapema, ni yale yale yanayotiwa kwenye vikuba vya maharusi, na maji yanayobaki baada ya kukeneka yanafaa kunyunyizia mashuka. Kuna watakaopenda mdalasini. Wabishane.

Tusimdanganye mkulima kuhusu hesabu. Kilo mia za mchaichai mbichi hazitoi mafuta yanayozidi nusu kilo, na mara nyingi ni chini ya hapo. Tuseme amepata mililita 300, hizo ni chupa 30 za mililita 10. Toa hapo kuni, chupa, kibandiko na siku nzima ya watu wawili. Akiyauza kwa jumla kwa mnunuzi wa nje atashindana na mashamba makubwa ya India na hataambulia kitu. Lakini mgeni aliyelipa kuona mtungi ukichemka, akaona tone la kwanza likidondoka, na chupa ikaandikwa jina la shamba na tarehe ya siku ile ile, huyo halinganishi bei na India. Faida ya mtambo mdogo iko kwenye macho ya mgeni kwanza, mafuta ni ya pili. Mwenye kuununua mtambo kwa hesabu ya mafuta peke yake atajuta.

Kuni nazo ni tatizo la kweli. Ikiwa tutakata miembe ya Dole kuchemshia mchaichai, tutakuwa tumepata hasara mbili. Vifuu vya nazi na makumbi vipo vingi, na majani yaliyokwisha kukenekwa yakikaushwa huwaka vizuri.

Mafuta ya namna hii ni makali. Ya karafuu huunguza ngozi yakipakwa bila kuchanganywa, na hayafai kunywewa, hivyo maneno hayo yaandikwe kwenye chupa, na chupa iwe ya rangi ya kahawia ili jua lisiyaharibu. Viwango na usalama vina taasisi zake, ZBS na ZFDA, na ni bora kuwaona mapema kuliko kuwasubiri waje wenyewe. Kisha pawe na adabu ya kutochanganya. Kuna njia rahisi ya kumwonyesha mgeni: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na uiache. Mafuta safi ya mchaichai huruka hewani. Yaliyotiwa mafuta ya kula huacha doa. Mkulima akilifanya jaribio hilo mbele ya wageni kila siku, atakuwa amewafundisha kumkataa mwenye kuchakachua bila kumtaja mtu.

Linabaki suala la anayemleta mgeni. Kwa sasa kampuni ya utalii na mtembezaji ndio wanaolipwa na mgeni, na mapapasi wa mjini hupata chao kwa kumleta. Mwenye shamba hubakiwa na bakhshishi na mauzo ya pakiti. Hatusemi watembezaji ni wezi, bila wao shamba lingekuwa kimya. Tunasema mwenye shamba hana cha kujadiliana nacho, kwa kuwa mashamba yote yanafanana na mtembezaji anaweza kuhamia kwa jirani kesho. Shamba lenye mtungi wake, lenye meza ya kuonja aina nne za mdalasini na iliki zikiwa na majina, mgeni atalitaja mwenyewe akiwa bado hotelini. Siku hiyo mtembezaji ndiye atakayepiga simu kuomba nafasi.

Na muda si mrefu. Anayepita barabara ya Bububu anaona nyumba zinavyopanda kila mwaka kutoka ufukweni kuelekea Dole na Kizimbani. Shamba la viungo la eka mbili likigawanywa viwanja huingiza kwa siku moja fedha ambazo mkarafuu hauleti kwa miaka mingi, na mkarafuu wenyewe huchukua miaka saba au minane kabla ya kuzaa vizuri. Kijana anayeuza hatumlaumu, amepiga hesabu kwa takwimu alizonazo. Mashamba matano au sita yakishirikiana kununua mtambo mmoja wa chuma na kuupangia zamu, kijana huyo atakuwa na hesabu ya pili ya kuweka pembeni ya ile ya kwanza. Kamisheni ya Utalii na wataalamu wa Kizimbani wanaweza kusaidia bila kutoa fedha nyingi, kwa kutambua mashamba yenye sifa na kuyapa kibao chenye jina barabarani.

Masika huanza Machi. Mashina ya mchaichai yakipandikizwa wakati huo hukatwa mara ya kwanza baada ya miezi minne hadi sita, wageni wa Julai hadi Oktoba wakiwa bado wanapita Bububu kwa magari.